Kabla hujamaliza bando kwenye video za baisikeli za mlimani

Mtulinga wangu wa kushoto una kifundo ambacho ukipitisha kidole unakigusa. Nilikipata mwaka wa pili tangu nianze kuendesha baisikeli za mlimani, kwenye ukingo wa shamba la kahawa chini ya Wanale, ule mlima unaosimama juu ya mji wetu wa Mbale kama ukuta. Ukingo wenyewe haufiki hata kimo cha meza. Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimetazama video moja ya dakika tatu mara tano mfululizo: kijana wa Kanada anaufikia mwamba, anasukuma usukani mbele, baisikeli inaelea, inatua, anaendelea na safari yake. Asubuhi nikafanya alichofanya, au nilichodhani amefanya. Gurudumu la mbele likatangulia kushuka, mikono ikakunjika, nikatua kwa bega.

Nilikaa wiki sita mkono ukiwa umefungwa kitambaa shingoni. Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, niliirudia ile video, safari hii nikiwa nimepunguza kasi ya YouTube hadi 0.25. Ndipo nikaona nilichonyimwa. Kamera ilikuwa juu ya kofia ya mwendeshaji, kwa hiyo kilichoonekana ni mikono miwili, usukani na njia. Kiuno hakionekani. Magoti hayaonekani. Nyayo hazionekani, na kwenye kuruka ukingo kazi karibu yote hufanywa na miguu na kiuno. Hakusema alikuja kwa kasi gani. Hakutaja baisikeli yake, ingawa baisikeli za aina ile huwa na shokapu ya mbele inayobonyea milimita 160 na zaidi. Yangu ilikuwa ya mtumba, ya milimita 80, na springi yake ilishashika kutu.

Leo natengeneza baisikeli hapa mjini, na mwisho wa wiki naongoza wageni upande wa Sipi, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, kwa hiyo kutazama video hizi ni sehemu ya kazi yangu. Vijana hunijia na simu mkononi: kaka, nifuate chaneli gani? Nimejibu mara nyingi kwa mdomo, sasa naandika.

Nianze na kamera, kwa sababu ndiyo inayodanganya wengi. Kamera ndogo ya kofia ina lenzi pana, na lenzi pana huulaza mlima. Mteremko ambao ungekufanya ushuke na kukokota, kwenye simu unaonekana kama barabara ya kwenda sokoni. Kuna njia ya kuukamata uongo huo: tazama miti. Miti mingi huota kwenda juu hata kwenye mteremko mkali, kwa hiyo linganisha shina na ardhi. Kama shina na njia vinakutana kwa pembe kali, basi pale pana mteremko wa kutisha hata kama mwendeshaji anapiga mluzi. Nikiwa na mwanafunzi huwa nasimamisha video na kumwambia anionyeshe mti kabla hajanionyesha baisikeli.

Chaneli inayorekodi kwa kamera ya kofia tu naitazama kwa kujiburudisha, basi. Anayetaka kunifundisha lazima amweke mtu pembeni mwa njia ashike kamera, nimwone mwili mzima kuanzia kisigino, na arudie jambo lilelile mara mbili tatu. Ben Cathro, Mskoti aliyekuwa akishindana mbio za mteremko, alitengeneza mfululizo wa namna hiyo kwenye chaneli ya Pinkbike, tovuti ya baisikeli za mlimani, mwaka 2020. Analichukua jambo moja, tuseme mkao au breki, analikalia mpaka lieleweke. Mkao ule wa magoti wazi na viwiko vilivyotoka nje niliupata kwake, nikaufanyia mazoezi kwenye njia ya nyuma ya nyumba yetu jioni baada ya jioni kabla sijathubutu kwenda Wanale tena. GMBN, ile chaneli kubwa ya Waingereza, nayo ina masomo mazuri ya mwanzo. Shida yake kwa maoni yangu ni wingi. Somo la kona limefundishwa pale mara nyingi mno kwa vichwa tofauti, na anayeanza hajui ashike lipi. Shika moja. Litazame, toka nje, lifanye wiki nzima.

Halafu kuna suala la urefu. Utajiuliza kwa nini mtu anayeweza kukuonyesha jambo kwa dakika mbili anazunguka mpaka dakika tisa. Tangu Julai 2020 YouTube inaruhusu matangazo katikati ya video zinazozidi dakika nane, na kabla ya hapo ilikuwa kumi. Siwalaumu wenye chaneli, kila mtu anatafuta riziki. Lakini hapa Uganda data inatozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, na dakika sita za mtu kuzungumzia kahawa yake ya asubuhi unazilipia wewe. Na usitegemee tena kuhesabu waliochukizwa, maana tangu Novemba 2021 idadi ya vidole vilivyoelekezwa chini imefichwa. Mimi huruka hadi katikati ya video kwanza. Nikikuta mtu yuko juu ya baisikeli anaendesha, narudi mwanzo. Nikikuta bado anaongea, naachana naye.

Sisemi usitazame za kupendeza. Danny MacAskill, mwendeshaji wa Uskoti, alipopita juu ya mgongo wa milima ya Cuillin, kisiwani Skye kwao, mwaka 2014, mwamba wenyewe mwembamba na bahari ikionekana chini, nilishusha simu nikashika kichwa. Tazama na ufurahi, kama unavyotazama mpira. Nakuomba tu kesho yake usiende kwenye ukingo wa shamba la mtu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo natamani lingeandikwa mwanzoni mwa kila somo la breki. Waalimu wa Marekani wanakwambia mkono wa kushoto ni breki ya mbele, na kwao ni kweli. Baisikeli za Uingereza na Japani zimefungwa kinyume: kulia ndiyo ya mbele. Mitumba tunayouziwa hapa inatoka kila pembe ya dunia, na nyingine imeshapita mikononi mwa mafundi watatu. Mwaka jana binti mmoja alikuja kujifunza kwangu. Alikuwa amefuata somo zuri kabisa, la mwalimu mzuri, la kubana breki ya nyuma taratibu kwenye changarawe. Akabana mkono wa kulia kama alivyoelekezwa, gurudumu la mbele likakwama, akapita juu ya usukani. Alichubuka viganja vyote viwili, namshukuru Mungu haikuzidi hapo. Kwa hiyo kabla ya kufuata somo lolote la breki, inua gurudumu la mbele, lizungushe kwa mkono, bana breki moja. Likisimama, huo ndio mkono wa mbele kwenye baisikeli yako, hata mwalimu aseme nini.

Mambo ya upepo ni vivyo hivyo. Utamsikia mtu anashusha tairi zake hadi psi 22 na kusema sasa inashika njia vizuri. Anachosahau kusema, kwa kuwa wenzake wote wanajua, ni kwamba ndani ya tairi yake hamna tyubu. Kuna maji ya gundi yanayoziba matundu yenyewe. Wewe mwenye tyubu ukishusha hadi hapo, jiwe la kwanza litaibana tyubu kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili pacha, kama meno ya nyoka. Fundi yeyote akiona matundu hayo anajua upepo ulikuwa mdogo. Kwenye mawe ya Sipi naweka kama psi 35 kwa mtu wa uzito wa kawaida mwenye tyubu, napunguza kidogo kidogo nikiona njia ni laini.

Upande wa ufundi ndiko nilikokuta ubora wa kweli. Chaneli ya Park Tool, kampuni ya Marekani ya vifaa vya bluu, haina mbwembwe: mikono, spana, maelezo. Calvin Jones anaongea taratibu, na ukimtazama bila sauti bado unaelewa. Nilimwonyesha mzee aliyenifundisha kazi, fundi wa tangu enzi za baisikeli za kubeba abiria kule mpakani Busia zilizozaa jina la bodaboda. Mzee hana habari na intaneti. Aliishika simu kwa mikono miwili, akanyamaza mpaka mwisho, akasema, "Huyu anakaza nati kama mtu aliyewahi kuikata." Sijasikia sifa kubwa kuliko hiyo.

Wasiwasi wako utakuwa kwamba vifaa vile ni vya bei. Vingi vina mbadala, na video nzuri inakupa kanuni ambayo inakuwezesha kuupata. Kipimo cha cheni, kwa mfano. Pini ya cheni iko nusu inchi kutoka kwa mwenzake, kwa hiyo mapengo 24 ni inchi 12 kamili, futi moja. Chukua futi ya chuma ya seremala, weka alama ya sifuri katikati ya pini, hesabu. Pini ya mwisho ikipita inchi 12 kwa moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha cheni. Ikipita kwa moja ya nane, cheni imeshakula na meno ya gia, utanunua vyote viwili. Kwenye Elgon, udongo wetu mwekundu ukichanganyika na giriisi unasaga chuma kama msasa, na nimeona wageni wakishangaa cheni iliyokwisha katika msimu mmoja. Kuna pia RJ The Bike Guy, anayetengeneza baadhi ya vifaa vyake kwa nondo yenye nyuzi, nati na washa. Huyo angefungua banda lake hapa Mbale asingekosa wateja.

Kuna jambo moja sijalikuta kwenye chaneli yoyote, na si kosa lao. Njia za Whistler, kule Kanada, zimechimbwa kwa ajili ya baisikeli. Njia zetu ni za watu. Ni za mtoto anayetoka shule, mbuzi aliyefungwa kamba ndefu, mwanamke mwenye mkungu wa matoke kichwani asiyeweza kugeuza shingo. Niliwahi kutokea kwenye kona kwa kasi niliyojifunza kwenye simu, nikamkuta mama wa makamo katikati ya njia. Nilifunga breki nikasimama hatua mbili kutoka kwake. Hakupiga kelele. Alishusha mzigo wake polepole, nikamsalimia "mulembe", akaitikia, kisha akaniuliza, "Mwanangu, nani anakufukuza?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo nikikaribia kona nisiyoona ng'ambo yake napiga kengele na kutembea. Ndiyo, baisikeli ya mlimani yenye kengele. Kwenye video za watu huzioni mara nyingi.

Na mvua. Waingereza huendesha kwenye matope mwaka mzima na video zao zinapendeza. Elgon si hivyo. Miteremko yetu huporomoka: Bududa ilizika watu Machi 2010, na tena Oktoba 2018. Mvua ikinyesha siku kadhaa mfululizo siendi kwenye miinuko, na simpeleki mtu, hata awe amelipa.

Kuhusu bando, mimi napakua penye wifi ya bure na kutazama baadaye. Video za ufundi 360p inatosha. Za mwili nataka 480p, la sivyo miguu inakuwa ukungu.

Jumamosi iliyopita kijana wa jirani alikuja bandani na video mpya ya kuruka, machoni moto unawaka. Hakuniuliza kama ni nzuri, aliniuliza twende lini. Nikamwambia, "Mdogo wangu, nitajie baisikeli anayoendesha." Hakujua. "Nitajie kasi yake." Hakujua. "Haya, nionyeshe visigino vyake vilikuwa wapi alipofika ukingoni." Alikaa kwenye lile gogo langu la kukalia wateja, akarudisha video mwanzo, akapunguza kasi, akaanza kuitafuta miguu.