Piga hodi kwanza

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Malaba aliniandikia. Amepata kazi juzi kwenye makao ya wazee huko Mukono, na swali lake ni fupi: "Dada, ulifanyaje mpaka ukawa msimamizi wa zamu?" Nilicheka. Sote tunaoingia kazi hii macho yetu yako kwenye kiti cha matroni, usione haya. Hata mimi nakitaka, na nimebakiza hatua moja.

Ukitaja makao ya wazee Uganda, wengi huwaza Bakateyamba ya Nalukolongo, iliyoanzishwa na Kardinali Nsubuga, ile aliyoizuru Papa Fransisko mwaka 2015. Mimi nilianzia kwingine, nyumba ya mtu binafsi pembeni mwa Kampala, wazee 18, wahudumu wawili. Ukiwa na wazee tisa wa kuogesha kabla ya uji, huombi ruhusa. Unafunua tu.

Kulikuwa na mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu, Kiswahili chake cha kambini. Asubuhi moja niliingia na beseni, mlango nikauacha wazi, nikavuta blanketi. Akaishika shuka kwa mkono wake mmoja uliobaki na nguvu, upande wa pili akaung'ata. Nikavuta, naye akavuta. Mwishowe akaiachia, akageukia ukutani. "Binti, kwenu hakuna hodi?"

Kwetu Busia mtoto akiingia chumbani kwa babu bila hodi anachapwa. Na mimi kwa huyu nilikuwa nimeingia hivyo miezi minne. Maji yalipoa nikiwa nimesimama tu.

Kwa hiyo mdogo wangu, piga hodi. Ngoja uitikiwe, sema unachotaka kufanya, funga mlango. Akikataa kuoga, rudi baada ya chai.

Hodi ipigwe hata kwenye mkoba wake. Serikali huwapa wenye miaka 80 na zaidi shilingi 25,000 kwa mwezi, ile pesa ya SAGE, na mwenzangu alikuwa akimkata kila mzee elfu tano "za sabuni". Nilimwambia mwenye nyumba. Wiki hiyohiyo nikaambiwa nina mdomo, nikatoka na sare yangu kwenye kavera (mfuko wa plastiki), mshahara wa mwezi ule sijauona hadi leo. Mwenzangu ndiye matroni pale sasa. Inaniuma, sitadanganya.

Kosa langu lilikuwa kusema kwa mdomo. Andika: tarehe, saa, kiasi, nani alikuwepo. Wakuu wakikaa kimya, Tume ya Haki za Binadamu inapokea malalamiko. Na tuache kusema "hawa wazee hawajui kitu". Kifungu cha 24 cha Katiba ya 1995 kinakataza kumdhalilisha mtu yeyote, wala hakikuandika "isipokuwa aliyevaa pampasi". Wewe na mimi tutazeeka, kama Mungu akipenda, na mikono itakayotufunua hatutaichagua!

Nilipoomba kazi ya pili nilieleza yote haya, shuka na elfu tano, nikaajiriwa siku ileile. Hapo ndipo cheo kilipoanzia.

Yule mzee alininunia siku tatu. Kila asubuhi nilisimama mlangoni, hodi, kimya, naenda kwa mwingine. Siku ya nne sauti ikatoka ndani: "Karibu. Lakini maji yawe ya moto."