Wasomaji Wauliza: Mfumo wa kompyuta dukani

Nina duka la vipuri vya magari Kirinyaga Road, tawi dogo Kariobangi na stoo Industrial Area. Mauzo tunaandika kwenye vitabu vya risiti, na stoki iko vichwani mwa wahudumu. Kijana mmoja anasema atanitengenezea programu yangu mwenyewe kwa wiki mbili. Kampuni nyingine inaniuzia iliyo tayari, nilipe kila mwezi. Nishike ipi?
*Mwenye duka, Kirinyaga Road*

Shika iliyo tayari. Duka la vipuri linanunua, linapokea mzigo, linahamisha, linauza na linakopesha, na kazi hizo zimeshaandikiwa programu mara nyingi. Kutengeneza upya kunafaa pale tu biashara ina jambo ambalo programu za sokoni haziliwezi. Hata hapo, wiki mbili hazitoshi kuandika mahitaji, sembuse programu yenyewe.

Ila usilipe bado. Mtu mmoja akae kaunta siku chache aandike kinachofanyika kweli, hasa mambo yasiyonyooka. Fundi amechukua beringi mbili kwa mkopo na kurudisha moja kesho yake. Kariobangi wamepiga simu stoo, mzigo umekuja na boda bila karatasi. Mteja mzoefu amepunguziwa bei, nani aliruhusu? Mambo hayo ndiyo maswali ya kumpa muuzaji wa programu, ayafanye mbele yako kwa bidhaa zako, si kwa mfano wake wa soda na mkate. Akisema "hilo tutaliongeza baadaye", liandikwe kwenye mkataba pamoja na tarehe.

Swali jingine la lazima ni eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Tangu Januari 2024, gharama nyingi zisizo na ankara ya eTIMS hazikubaliwi kupunguza kodi ya mapato, kwa hiyo gereji zinazonunua kwako zitataka ankara yenye PIN yao, yaani namba yao ya kodi. Uliza kama programu imeunganishwa na eTIMS na kama kampuni hiyo imeidhinishwa na KRA kufanya hivyo. Kuna njia mbili: OSCU, inayotaka intaneti muda wote, na VSCU, iliyokusudiwa pia biashara ambazo haziko mtandaoni kila saa. Pale Kirinyaga Road intaneti ikipotea saa tano asubuhi foleni haisubiri, basi ulizia hiyo ya pili. Wahudumu wajue mapema kwamba ankara iliyokwisha kwenda KRA haifutwi. Inarekebishwa kwa krediti noti, hati inayopunguza au kubatilisha kiasi cha ankara ya awali.

Sasa kazi ngumu yenyewe, ambayo wengi huiachia mwanafunzi wa mazoezi: orodha ya bidhaa. Injini ya 1NZ-FE imo kwenye Probox nyingi na kwenye Fielder nyingi, kwa hiyo filta ileile ya oili dukani kwako huenda inaitwa "filta ya Probox", "filta Fielder" na "filta ndogo". Ukiingiza majina yote matatu, mfumo utakuambia moja imeisha huku nyingine zimejaa rafuni, nawe utaagiza usichohitaji. Kila bidhaa iwe na msimbo mmoja, namba ya kiwandani, chapa, kipimo cha kununulia, kipimo cha kuuzia, bei zote mbili, na mahali ilipo, hadi rafu. Chapa mbili za filta moja zipewe misimbo miwili, kwa kuwa bei ni tofauti, lakini ziunganishwe ili mhudumu akikosa hii aione ile. Oili inayonunuliwa kwa pipa la lita 200 na kuuzwa kwa lita iandikwe hivyo tangu mwanzo. Kazi hii aisimamie mhudumu mkongwe anayevijua vipuri, akae na mtu wa kompyuta. Bidhaa elfu tatu ni kazi ya wiki kadhaa, asikudanganye mtu.

Baada ya hapo ndipo unahesabu. Funga duka Jumapili, simamisha mizigo kuingia na kutoka, wapange watu wawiliwawili: mmoja ahesabu, mwingine aandike. Wasionyeshwe idadi inayotarajiwa, maana akiiona ataiandika hiyohiyo. Jozi nyingine irudie bidhaa za bei kubwa. Anzia Kariobangi, kwani tawi dogo likikwama hasara yake ni ndogo, na uendeshe vitabu na mfumo sambamba kwa wiki mbili. Usipitishe mwezi: watu wakichoka kuandika mara mbili, kitakachoachwa ni mfumo. Hama mwanzo wa mwezi ili hesabu ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani), ambayo ritani yake hupelekwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, isigawanyike sehemu mbili. Desemba usiguse kitu.

Kuhusu malipo, gawa gharama ya kuanzisha: sehemu unaposaini, sehemu Kariobangi ikifanya kazi, sehemu stoki ya matawi yote ikilingana na hesabu ya mkono, na asilimia 10 ibaki kwako miezi mitatu. Mkataba useme data ni mali yako na utapewa yote kwa majedwali siku ukiondoka. Bila kifungu hicho ada ya mwezi itapanda nawe huna pa kwenda.

Tuliweka mfumo mwaka jana. Stoki inaonyesha namba za kutoa, kama -2 au -14, na vitambaa vingine vinaonekana vipo lakini rafuni hakuna. Je, tunaibiwa?
*Muuza vitambaa, Eastleigh*

Huenda, dada, lakini anza na vipimo. Ukipokea jora moja, yaani kitambaa kizima kilichoviringishwa, na kuingiza "1", halafu ukauza mita 3, mfumo umetoa 3 kwenye 1: hiyo ndiyo -2 yako.

Vile vitambaa hewa vina chanzo kingine. Angalia lebo ya jora. Ikisema yadi 30 na karani akaingiza mita 30, umejidanganya. Yadi ni mita 0.9144, kwa hiyo jora lina mita 27.43 tu. Kila jora linaacha mita 2.57 zisizokuwepo, na majora 100 yanaacha mita 257. Hapo mlinzi ameshashukiwa bure.

Rekebisha kipimo kwenye orodha ya bidhaa, uhesabu upya, kisha uzuie mfumo kuuza kilicho chini ya sifuri. Kizuizi hicho kitawakera wauzaji siku mzigo umefika lakini haujaingizwa, na ndivyo inavyotakiwa: upokewe kwanza. Vipande vilivyobaki vipe msimbo wake na bei yake. Na anayepokea mzigo asiwe ndiye mwenye ruhusa ya kurekebisha stoki. Ukimaliza haya na upungufu ukaendelea kwenye vitambaa vilevile, zamu ileile, basi swali lako la wizi lina msingi.

Till ya M-Pesa, namba ya duka ya kupokelea malipo, imeunganishwa na mfumo, lakini jioni jumla hazilingani, na mkubwa anatulaumu sisi wa kaunta.
*Keshia, Gikomba*

Acheni kulinganisha jumla. Linganisheni msimbo wa muamala, ule wa herufi na tarakimu kumi, mmoja baada ya mwingine. Mkubwa apakue taarifa ya till, iwekwe kando ya orodha ya mfumo, na tofauti zitajitenga zenyewe.

Msimbo uliopo kwenye till tu: pesa imeingia lakini taarifa haikufika kwenye mfumo, pengine seva yenu, kompyuta inayoendesha mfumo, ilizimika stima ilipopotea. Msimbo uliopo kwenye mfumo tu: mtu aliuandika kwa mkono kutoka kwenye ujumbe wa simu ya mteja, na ujumbe huo unaweza kuwa wa kughushi. Msimbo mmoja mara mbili: mfumo unaruhusu kurudia, na aliyeutengeneza ana kosa la kurekebisha leo, si wiki ijayo. Tofauti nyingine ni ada zinazokatwa, pesa zilizohamishiwa benki, na mauzo ya usiku yaliyovuka saa sita.

Jambo moja ni lenu nyinyi wa kaunta. Ukimtumia mteja ombi la kulipa kwenye simu yake na jibu likachelewa, usibonyeze tena. Anaweza kulipa mara mbili. Kwanza uliza hali ya muamala kwenye mfumo. Kama programu yenu haina kitufe hicho, mwambieni mkubwa akidai.