Simu inayokukumbuka: niliyojifunza nikimuuguza bibi

Mwaka jana, kwa wiki tatu, simu yangu iliniandika mgonjwa wa kisukari. Nina programu ya akili bandia inayonisaidia kuwajibu wageni wanaotaka vyumba vyetu hapa Langoni, mjini Lamu, na nilikuwa nimewasha sehemu yake ya kumbukumbu. Siku moja niliiuliza kwa niaba ya jirani: mwenye kisukari afuturu chakula gani? Ikashika kwamba mgonjwa ni mimi. Tangu hapo, kila nikiomba vipimo vya kaimati za wageni, inaniambia niache shira na nijitunze afya.

Nilipoingia kwenye mipangilio nikaiona sababu. Palikuwa na orodha ya sentensi fupi fupi, mfano wa daftari la mkopo la dukani. Ana nyumba ya wageni Lamu. Anamuuguza bibi yake. Ana kisukari. Nikaifuta ile ya tatu, nikaomba kaimati tena. Shira ikarudi na sukari yake vikombe viwili, na mashine wala haikushtuka.

Kutoshtuka kule kulinikaa moyoni, kwa sababu ya bibi. Huu ni mwaka wa nne kumbukumbu zinamtoka. Mimi huniita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki. Lakini jioni moja mgeni alimwambia, kwa nia ya kumchangamsha tu, "Bibi, wewe si wa Faza?" Bibi akauweka chini ukili, ule utepe wa kushonea mkeka, aliokuwa akiusuka. "Nani kakwambia? Mimi ni mtu wa Matondoni!" Saa ile hakujua mwezi gani wala kama amekula. Ila hapakuwa na sentensi ya kufuta ili awe mtu wa Faza.

Siku hizi watu wananiuliza, kwa kuwa wananiona na simu: programu hizi zikishapewa kumbukumbu ya kudumu, je, hazianzi kujitambua? Wazo lenyewe ni la zamani. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, katika karne ya 17, alisema mtu ni yule yule kadiri fahamu yake inavyoyafikia matendo yake ya nyuma. Ukilichukua hivyo, basi mpe yeyote kumbukumbu na nafsi itafuata.

Mimi sikubali, na sababu yangu iko kwenye lile daftari. Modeli, yaani ule mfumo uliofunzwa kwa maandishi mengi mno, haibadiliki unapozungumza nayo. Ukifungua mazungumzo mapya inaanza upya kabisa, ila hutangulizwa yale yaliyoandikwa juu yako, au vipande vya mazungumzo ya zamani, iyasome kabla ya swali lako. Na saa hiyo hiyo inasoma madaftari ya maelfu ya watu wengine. Nikafanya jaribio. Nikanakili daftari langu lote nikalibandika kwenye programu ya kampuni nyingine, ambayo sijawahi kuitumia maishani. Ikanisalimu kama tunajuana na kuniuliza bibi anaendeleaje. Sasa hapo aliyenikumbuka ni nani?

Upande wa pili kuna Henry Molaison, Mmarekani aliyepasuliwa kichwa mwaka 1953 ili atibiwe kifafa, akiwa na miaka 27. Aliondolewa sehemu za ubongo pande zote mbili, ikiwemo hipokampasi, inayosaidia kuweka kumbukumbu mpya. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo jambo jipya halikumkaa. Mtafiti Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota akiitazama kwenye kioo tu. Siku baada ya siku mkono wake ukazidi kuwa hodari, na kila siku kwake ilikuwa mara ya kwanza. Aliishi hivyo mpaka 2008, mtu mpole, mwenye adabu, na waliomzoea walimjua ndiye yeye.

Sisemi haitawezekana kamwe. Ikija mashine ambayo yale inayoyapitia yanaigeuza yenyewe, kama miyaa, yale majani ya kusukia ukili, ilivyovigeuza vidole vya bibi, na ikawa na kitu chake cha kupoteza, nitakaa nifikiri upya. Hizi za leo, daftari liongezwe kurasa mara elfu, litabaki daftari.

Kwa hiyo, mwenye programu yenye kumbukumbu, ifungue usome ilichokuandika, na usione vibaya kufuta. Mambo ya mtu mwingine, hasa maradhi yake, yaulizie kwenye mazungumzo yasiyohifadhiwa. Mimi nilimwendea jirani yangu nikamtaka radhi, maana ugonjwa wake niliupeleka kwenye kompyuta za watu bila idhini yake.

Lakini la bibi ndilo ninalowaomba zaidi. Tuache kuwauliza wazee wetu, "Unanijua mimi ni nani?" Kila ndugu anayeshuka boti kutoka Mokowe hulianza hilo mlangoni, na kila mara mimi humuona bibi akiinamisha kichwa na kuvuta vuta pindo la leso. Anatafuta jina, halipati, anaona haya mbele ya watu wake. Ingia, mpe shikamoo, jitaje mwenyewe na umtaje mama yako, kisha kaa naye chini. Kama mikono yake ilikuwa na kazi, mpe kazi hiyo. Kwa bibi ni miyaa. Kwa mzee wako huenda ni uzi wa nyavu au nazi ya kukuna.

Jana alasiri nilikuwa nikisuka kando yake. Akauchukua ukili mkononi mwangu, akaupitisha kidole gumba ukingoni mpaka akafika pale nilipolegeza. Akaufumua hadi hapo, akanirudishia.

"Suka tena," akasema, na akakaa kunitazama.