Kwa mnaoanza kuandika draiva: yale yale ya ioremap

Nimepitia kodi zenu tena, wadogo zangu, hasa pale mnapoita ioremap, yaani mnapoiomba kerneli pointa ya kuzifikia rejista za kifaa. Makosa ya waliowatangulia yamerudi yote, hata kwa mpangilio ule ule.

1. Datashiti ya BCM2835, chipu ya Raspberry Pi za kwanza, inasema GPIO (rejista za pini za kuwashia na kuzimia vitu kama taa) iko 0x7E200000. Hiyo ni anwani ya basi (bus), njia ya ndani ya chipu. Kwa prosesa ya Raspberry Pi 3, rejista hizo hizo ziko 0x3F200000. Kwa Pi 4 ni 0xFE200000. Mtu anaibandika ya kitabuni kwenye ioremap, anarudishiwa pointa, taa haiwaki, anaanza kubadilisha waya. Iacheni kerneli isome anwani kwenye devicetree (maelezo ya vifaa vilivyopo kwenye bodi), nyie mwite devm_platform_ioremap_resource. Na hiyo ikishindwa hairudishi NULL, inarudisha pointa iliyobeba namba ya kosa. Pimeni kwa IS_ERR, jamani.

2. Pointa ya __iomem, yaani iliyowekewa alama kuwa inaelekea kwenye rejista za kifaa kama ile ya ioremap, haiguswi kwa nyota ya C. Tumieni readl (kusoma rejista) na writel (kuiandika); volatile peke yake haitoshi. Kwenye x86 unaweza kubahatika, ARM ikakuumbua. Endesheni make C=1, sparse, kikaguzi cha kodi ya kerneli, iwasute kabla yangu.

3. Hili lilinitoa jasho. Nilikuwa na kadi ya PCI ya kupokea fremu. Ndani ya hendla (kodi ambayo kerneli inaiita kadi ikipiga interapti, yaani ikiibishia prosesa hodi) naandika writel ya kufuta interapti, naongeza hesabu, natoka. Hesabu ikawa inazidi fremu zilizopokelewa. Nikaweka readl ya rejista ya hali ili nione kinachoendelea kwenye dmesg, logi ya kerneli: hesabu ikanyooka. Nikaitoa, ikaharibika. Nikairudisha, ikanyooka. Mtu mwenye akili angesimama hapo ajiulize. Mimi nikaamua kadi ni mbovu, nikamwandikia mtengenezaji barua ya ukali, ya kurasa mbili, yenye jedwali. Jibu lake lilikuwa sentensi moja: soma rejista baada ya kuiandika.

Writel kwenye PCI ni kama kutia barua kwenye sanduku la posta: wewe umeondoka, barua bado iko njiani. Hendla yangu ilikuwa inamaliza kabla kadi haijapata amri ya kunyamaza, interapti ikawa bado imesimama, kerneli inaniita tena kwa fremu ile ile. Readl haiwezi kurudi na jibu mpaka maandishi yaliyoitangulia yafike kwenye kadi. Ule mstari niliouita wa majaribio ndio uliokuwa dawa, na mimi ndiye niliyeufuta "kusafisha kodi" kabla ya kukabidhi. Barua ile ninayo bado, atakayebisha nimwonyeshe.

4. ioremap_nocache iliondolewa kwenye Linux 5.6, mwaka 2020. Ioremap ya kawaida tayari haipitii kashe. Mnanakili wapi?

5. GPSET0, rejista ya kuwashia pini za GPIO, ukiiandikia sifuri haizimi taa, haifanyi chochote. Kuzima ni GPCLR0, ofseti 0x28. Atakayeniuliza hili tena Jumatatu analipa chai ya ofisi nzima.