Maswali na Majibu: Kipindi cha Kupima Hakibahatishwi

Simulesheni yangu ya muda endelevu (inayopima na kuamuru mfululizo, bila mapengo) inatulia vizuri, lakini nikikiweka kidhibiti, yaani programu inayoiamuru mota, kwenye maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja), mota inatikisika. Nimeongeza kizidishi cha mrejesho (namba inayozidishwa na kipimo ili kupata amri) na hali imezidi kuwa mbaya. (Mwanafunzi, Kisumu)

Dawa uliyotumia ndiyo inayokuumiza. Kati ya kipimo kimoja na kingine, muda tunaouita kipindi cha kupima, amri hubaki ileile, na mota huendeshwa bila macho. Chukua mfumo mwepesi ambao hali yake ni x, na kasi ya kubadilika kwa x ni x yenyewe ikijumlishwa na amri, nayo amri ni kipimo cha mwisho mara −2: utatulia mradi kipindi kisifike sekunde 1.0986, yaani logi asilia ya 3. Fanya kizidishi kiwe 3, na kikomo kinashuka hadi sekunde 0.693. Kwa kuwa msuguano na mzigo wa mota yako huujui kwa hakika, kokotoa kikomo kwa thamani mbaya kuliko zote unazoziona zinawezekana, wala usitegemee kibandiko cha kiwandani. Tena, usiridhike na namba tulivu kwenye skrini, kwani mfumo unaweza kuyumba katikati ya vipimo bila sensa kuona lolote.

Je, haitoshi kupima mara mbili ya masafa ya juu kabisa? (Bungoma)

Haitoshi. Kanuni hiyo, ya Nyquist na Shannon, inahusu kuunda upya mawimbi kutokana na sampuli. Kuhusu uthabiti wa mfumo wenye mrejesho haiahidi kitu. Naomba swali hili lisirudi.

Nipime kina cha maji kwenye tangi kila baada ya muda gani? (Muhoroni)

Tangi la lita ngapi, na pampu ya kasi gani?

Mfumo wangu si wa mstari (kasi yake haiongezeki kwa uwiano uleule na hali yake). Kuna kipindi kimoja kitakachofaa popote nitakapoanzia? (Kakamega)

Mara nyingi hakuna, na wanaochapisha majedwali ya vipindi bila kutaja mahali pa kuanzia wanawapotosha vijana. Tuseme kasi ya x ni x kwa kipeo cha 3 pamoja na amri, nawe umebuni amri inayofuta kipeo hicho na kuondoa x moja zaidi, yaani −(x kwa kipeo cha 3 + x). Katika muda endelevu hakuna dosari. Sasa anzia kwenye 10, ushikilie amri ya kwanza, −1010: x itashuka, itapita sifuri, kisha itakimbilia ukomo hasi kabla ya sehemu ya kumi ya sekunde kuisha. Ukianzia mbali zaidi, muda huo unafupika zaidi. Kwa hiyo tangaza kwanza eneo utakaloanzia, pamoja na upana wa usichokijua, ndipo uchague kipindi kinachofaa ndani yake.

Kwenye banda la nyanya natumia betri ya sola. Naweza kupeleka amri pale tu unyevu unapobadilika vya kutosha? (Nakuru)

Unaweza, na betri itadumu zaidi. Weka hata hivyo muda wa chini kabisa kati ya amri mbili, kwa sababu kanuni ya namna hiyo ikiandikwa vibaya huweza kudai amri zisizo na mwisho ndani ya muda mfupi, na vali haitaweza kuzifuata.