Ifanyishe kazi lugha yako mtandaoni

Kila ikifika Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, simu zetu hujaa mabango ya kukienzi Kiswahili. UNESCO iliitangaza siku hiyo mwaka 2021 na mimi sina ugomvi nayo. Lakini siku hiyohiyo hebu tafuta kwa Kiswahili namna ya kuokoa mzabibu ulioshikwa na ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, uone utaletewa nini. Nilipoanza kutafuta mimi, nilikuwa naletewa kurasa mbili tatu zilizonakiliana, na nyingine zilizotafsiriwa na mashine hadi mkulima hajui anaambiwa apulize dawa au afyeke shamba.

Nalima zabibu upande wa Hombolo, hapa Dodoma, na nina blogu ndogo ya kilimo. Kama unataka Kiswahili, Kigogo au Kirangi kionekane mtandaoni, ushauri wangu ni mmoja: punguza kuandika habari za lugha, andika kwa lugha hiyo kuhusu jambo linalomnyima mtu usingizi. Kwenye blogu yangu makala inayosomwa kuliko zote haina hata mstari mmoja wa utamaduni. Ni ya salfa. Inaeleza kwamba salfa hupigwa asubuhi mapema au jioni, kwa sababu jua letu likishapamba moto dawa hiyo huunguza majani. Kichwa chake nimekiacha vilevile kama swali linavyoulizwa shambani: "Kwa nini zabibu zangu zina unga mweupe?" Ningeandika "Udhibiti wa magonjwa ya ukungu katika zao la zabibu", nani angekuja? Mtu mwenye shida hatafuti kwa lugha ya semina.

Hapo utasema hujui uandike nini. Fungua makundi yako ya WhatsApp. Kiswahili kizuri kuliko vyote kinachoandikwa Dodoma leo kimezikwa humo, na kinachosemwa ndani ya kundi hakionekani kwenye injini za utafutaji. Sisi zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka, basi na maswali yaleyale yanarudi mara mbili kwa mwaka. Kwenye kundi letu kuna mzee mmoja, akiulizwa habari ya kupogoa hajibu kwa maandishi. Anatuma sauti ndefu, nusu Kigogo nusu Kiswahili, kuku wanawika nyuma, anaeleza jicho lipi la kuacha na lipi la kukata na kwa nini mvua ikichelewa usiwe na haraka ya mkasi. Ni somo zima hilo. Kufikia jioni limeshafunikwa na salamu, matangazo ya viwanja na picha za harusi.

Nilimwomba ruhusa. "Babu, naomba maneno yako niyaandike wengine wayasome." Akanijibu, "Andika mjukuu wangu, ila namba yangu usiiweke, watanimaliza kwa simu." Basi nikaandika, nikampelekea kwanza, mjukuu wake wa nyumbani akamsomea, akarekebisha mahali pawili ndipo nikapandisha. Fanya hivyohivyo. Ruhusa iombwe kabla, na mwenye maneno ayasikie kabla ya dunia. Hata kama ni kundi lako mwenyewe, sauti ya mtu si mali ya kundi.

Sasa hizi lugha zetu za nyumbani. Wanasiasa wakija Dodoma husimama jukwaani wakasalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", watu wakashangilia, na Kigogo kikaishia hapo. Mtandaoni nako ni vivyo hivyo: salamu, methali moja, picha ya ngoma, basi. Nionavyo mimi, kwa Kigogo anza na sauti. Wengi wetu tunakisikia vizuri kuliko tunavyokisoma. Rekodi ya dakika mbili ya bibi akieleza anavyokausha na kuhifadhi mlenda, chini yake maelezo kwa Kiswahili, itamfikia kijana wa Mpwapwa aliyeko Mbeya kuliko kurasa kumi za sarufi. Kwa Kisandawe cha kule Chemba sauti ndiyo ya lazima kabisa, maana vile vidoko vyake, sauti za kugonga ulimi, huwezi kumweleza mtu kwa herufi akaelewa.

Warangi wa Kondoa wametutangulia kwa jambo moja. Kilaangi, yaani Kirangi kwa jina lake chenyewe, pamoja na herufi zake ɨ na ʉ, kimo ndani ya CLDR, hazina ya data ambayo simu na kompyuta duniani huchota humo majina ya siku, miezi na namna ya kuandika tarehe. Pitia orodha ya lugha kwenye simu ya Android, huenda ukakikuta humo. Kila lugha ina msimbo wake wa kimataifa wa herufi tatu: Kigogo ni gog, Kirangi lag, Kisandawe sad, Kinyaturu rim. Blogu au programu yako ikiuliza lugha ya maudhui, usiache palipoandikwa Kiingereza. Weka sw, msimbo mfupi wa Kiswahili, au msimbo wa lugha yako. Ni kazi ya mara moja, na ndiyo inayozijulisha mashine kwamba maandishi haya ni ya lugha gani.

Asiye na blogu aingie Wikipedia ya Kiswahili. Ipo tangu 2003 na bado ina mashimo mengi sana kuhusu huku kwetu. Inataka vyanzo vilivyochapishwa, kwa hiyo usiandike hadithi za kijiweni wala kujisifu mwenyewe. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, imeandikiwa mengi ya kukuwezesha kuanza. Picha ulizopiga mwenyewe nazo zinapokelewa Wikimedia Commons. Mwenye sauti nzuri na haya kidogo ya kuandika aende Common Voice, mradi wa Mozilla wa kukusanya sauti za lugha mbalimbali, asome sentensi za Kiswahili kwa sauti. Ajue tu kwamba rekodi zile hutolewa bure kwa yeyote, hata kampuni.

Nakuomba kitu kimoja tu kwa ukali: usipandishe tafsiri ya mashine bila kuipitia neno kwa neno. Mashine za kesho zinajifunza kwa yaliyomo mtandaoni leo, na lugha yenye kurasa chache huharibika upesi zaidi maana hakuna mengine ya kuipinga.

Kabla hujaanza blogu, waulize TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kama aina yako ya maudhui inahitaji leseni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zimeshabadilishwa zaidi ya mara moja, usitegemee aliyokwambia rafiki. Na picha zipunguze uzito kabla ya kuzipandisha. Msomaji wako wa Mpunguzi anakusoma kwa bando la saa moja, na ukurasa ukichelewa kufunguka anarudi WhatsApp kuuliza upya.