Je, inafaa kusema uongo katika mdahalo wa siasa kwa ajili ya chama?

SWALI

Assalaam alaykum, shehe wangu. Mimi ni kijana Mwislamu, naishi katika kata iliyo pembezoni mwa jiji la Dodoma, na katika chama changu ni katibu mwenezi wa tawi. Hivi karibuni palikuwa na mdahalo mbele ya ofisi ya mtaa kuhusu pampu ya kisima chetu. Mzee mmoja wa chama kingine, ambaye tunaswali naye msikiti mmoja, alisimama na daftari lenye majina ya kaya zilizochanga shilingi 2,000 kila moja, akaonyesha kuwa fedha zilizokusanywa ni nyingi kuliko zile zilizotajwa na upande wetu. Nilijua hesabu yake ni sahihi, kwa sababu nilikuwapo wakati wa kukusanya. Lakini tulikuwa tumeelekezwa kwamba hoja ya mpinzani haikubaliwi hata ikiwa ya kweli, basi nikachukua kipaza sauti nikasema mzee huyu ametumwa, hana uchungu na maji, anatafuta kura tu. Watu wakapiga makofi, naye akafunga daftari lake akaketi. Tangu hapo roho yangu haijatulia. Wenzangu wananiambia siasa ni vita, na katika vita uongo umeruhusiwa. Je, ni kweli? Na je, ni dhambi kutaja ajenda ya siri ya mtu ikiwa mimi mwenyewe naamini anayo? La mwisho ni zito kwangu kulisema: ninapozungumzia maji huwaambia watu kwamba sina maslahi yoyote, ilhali moyoni nataka chama kinipitishe kugombea udiwani.

JIBU

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Kijana wangu, kutotulia kwa roho yako ni neema, na ninamwomba Mwenyezi Mungu asikuondolee mpaka uwe umelitengeneza jambo hili.

Hiyo ruhusa wanayoitaja wenzako ina asili yake. Imepokewa na Muslim, mkusanyaji wa hadithi, kutoka kwa Ummu Kulthum binti Uqba, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, kwamba uongo umeruhusiwa katika mambo matatu: vita, kusuluhisha watu waliogombana, na maneno ya mume na mke wake. Wanaoichukua hadithi hii na kuipeleka kwenye jukwaa la siasa wanakosea pakubwa. Vita inayokusudiwa hapo ni ile ya panga, ambayo adui akiujua mpango wako anamwaga damu ya watu wako, wala si kila ushindani ambao watu wa zama hizi wameamua kuuita vita. Mzee uliyesimama dhidi yake ni jirani yako, bega lake linagusana na lako katika safu ya swala, na chama chake kimesajiliwa kwa sheria ile ile iliyosajili chama chako tangu nchi yetu iliporudi katika mfumo wa vyama vingi mwaka 1992. Kati yenu kuna ahadi ya kuishi na kushindana kwa amani, na hata ndani ya vita yenyewe Mwenyezi Mungu hakuruhusu kuvunja ahadi kwa siri, bali amesema katika Sura Al-Anfal, aya ya 58, kwamba Yeye hawapendi wahaini.

Kuna jambo jingine ambalo wenzako hawalifikirii kabisa. Katika vita, anayedanganywa ni adui. Siku ile pale ofisini, ni nani aliyedanganywa? Si yule mzee, kwa sababu yeye alikuwa na daftari mkononi na aliijua hesabu yake. Si viongozi wako, kwa maana wao waliijua pia. Waliodanganywa ni wale waliopiga makofi: mama aliyetoa shilingi 2,000 katika pesa yake ya mboga, na ambaye pampu isipotengenezwa ndiye atakayeamka alfajiri kutafuta maji kwingine, katika mkoa huu ambao mvua zake ni chache na kiangazi chake kirefu. Uliwadanganya watu ambao chama chako kinasema kinawapigania. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni penye lundo la chakula, akaingiza mkono wake akakuta umajimaji chini, na mwenye mali aliposema kuwa kimenyeshewa na mvua, alimwuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona, kisha akasema kwamba anayeghushi si katika watu wake. Anayeuza mahindi Kibaigwa anaelewa maana ya gunia lililo kavu juu na bichi chini, na maneno yako siku ile yalikuwa gunia la namna hiyo.

Ama kwamba mlielekezwa, utii ni katika mema tu, kama alivyosema Mtume katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Katibu wa tawi, mwenyekiti wa wilaya, au hata mtu mkubwa kuliko hao, hawezi kukuhalalishia ushahidi wa uongo. Na usidhani kwamba ubora wa jina la kundi unabadilisha hukumu. Safari moja Muhajiri, yaani mmoja wa waliohama Makka, alimpiga Mwansari, yaani mmoja wa wenyeji wa Madina waliowapokea, na kila mmoja akaita kundi lake: huyu akisema “Enyi Ansari!” na huyu akisema “Enyi Muhajirina!” Hayo ni majina mawili ambayo Qur'ani yenyewe imeyasifu, lakini yalipogeuzwa kuwa wito wa kutetea mtu kwa sababu tu ni wetu, Mtume aliuita huo wito wa kijahiliya, yaani wa zama za kabla ya Uislamu, akasema, “Uacheni, kwani unanuka.” Ikiwa majina hayo matukufu hayakusalimika, jina la chama cha siasa litasalimika vipi?

Sasa nije kwenye neno hilo “ametumwa”, ambalo kwa maoni yangu limewadhuru watu wetu kuliko uongo wa wazi. Uongo wa hesabu unaweza kusahihishwa kwa hesabu. Lakini mtu akiambiwa ametumwa, au ni kibaraka, au ni mamluki, hana daftari la kujitetea nalo, kwa sababu umemshtaki kwa jambo lililo kifuani mwake. Sahaba Usama bin Zaid alimuua mtu vitani baada ya mtu huyo kutamka shahada, akidai kuwa aliitamka kwa kuogopa silaha. Dalili zote za nje zilikuwa upande wa Usama, na hata hivyo Mtume alimwuliza: “Je, uliupasua moyo wake?” Akawa anairudia lawama hiyo mpaka Usama akatamani kuwa angekuwa amesilimu siku ile tu. Wewe ulikuwa na dalili gani juu ya yule mzee, zaidi ya kwamba ni wa chama kingine? Sura Al-Hujurat, aya ya 12, inatuamrisha kujiepusha na dhana nyingi, kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi.

Utasema: lakini mimi nilikuwa naamini kweli kwamba anatafuta kura. Tuchukulie kwamba ulipatia. Je, fedha zilipungua katika daftari kwa sababu mwenye daftari anatafuta kura? Hapa ndipo ninapotaka utulie. Sahaba Abu Huraira alipowekwa kulinda chakula cha zaka ya Ramadhani, alikuja mtu usiku akawa anakichota, akamkamata mara tatu, na mara ya tatu mwizi huyo, ili aachiwe, akamfundisha kusoma Ayatul Kursiyy kabla ya kulala. Abu Huraira alipomweleza Mtume, alijibiwa: “Amekuambia kweli, naye ni mwongo mkubwa”, kisha akajulishwa kwamba yule alikuwa shetani. Nia ya shetani ilikuwa mbaya kabisa na haikufichika kwa Mtume, lakini hakuitumia nia hiyo kuikataa kweli iliyosemwa. Aliitenga kauli na msemaji wake, akathibitisha hiyo na akamhukumu huyu, kila kimoja kwa stahili yake. Na Mwenyezi Mungu katika aya ya 6 ya Sura hiyo ya Al-Hujurat, anapozungumzia fasiki anayeleta habari, hakusema tuitupe habari yake, bali amesema tuichunguze. Basi ikiwa habari ya fasiki inachunguzwa, hesabu ya mzee wa safu yako inawezaje kutupwa bila hata kufunguliwa?

Sisemi kwamba maslahi ya mtu hayatajwi kamwe. Kama anayetetea pampu fulani ndiye mwenye zabuni ya kuiuza, wananchi wana haki ya kujua, na kulinyamazia hilo ni kuficha ushahidi. Lakini sharti lake ni kwamba uwe na uthibitisho, useme kile tu unachokijua, na baada ya kukisema uijibu hoja yake. Anayetaja maslahi ili asijibu hoja, huyo amekwisha kutueleza kwamba jibu hana. Imam Shafii, Mwenyezi Mungu amrehemu, imepokewa kwake kwamba hakujadiliana na mtu isipokuwa hakujali haki idhihirike katika ulimi wake au katika ulimi wa mwenzake. Ninyi mlioagizwa kukataa hata kilicho kweli mmepewa agizo lililo kinyume kabisa na hilo, na Abu Daud amepokea kutoka kwa Ibn Umar kwamba mwenye kugombania batili naye anajua, haachi kuwa katika ghadhabu za Mwenyezi Mungu mpaka ajitoe.

Kuhusu udiwani, sioni dhambi katika kuutaka kwako ikiwa unajiona unauweza na huutaki kwa ajili ya mali, ingawa Mtume alimwonya Abdurrahman bin Samura asiombe uongozi, na onyo hilo lisitoke akilini mwako. Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, aliomba awekwe juu ya hazina za nchi, akataja sababu zake waziwazi. Hulazimiki kumtangazia kila mtu matamanio ya moyo wako. Kilicho haramu ni kusimama mbele ya watu na kuapa kwamba huna unachokitafuta, ilhali unacho, na kwa jambo lile lile ulilo nalo wewe kumuaibisha mwenzako. Acha tu kusema “sina maslahi”, zungumzia maji, na watu wakikuuliza kama utagombea, wajibu ukweli.

Limebaki suala la toba. Kuomba msamaha kwa Mwenyezi Mungu usiku peke yako ni mwanzo, lakini hakutoshi hapa, kwa sababu kosa lilikuwa la hadharani na haki ya watu imeingia ndani yake. Katika Sura Al-Baqara, aya ya 160, wanaosamehewa dhambi ya kuficha kweli ni wale waliotubu, wakatengeneza, na wakabainisha. Hata hapa kwetu Dodoma, mbunge akituhumiwa kusema uongo ndani ya Bunge hutakiwa athibitishe au afute kauli yake mle mle ukumbini, na kanuni hiyo ni ya wanadamu. Nenda kwanza nyumbani kwa yule mzee, umwombe radhi bila kutaja sababu za kujitetea. Kisha katika mkutano wa kwanza wa mtaa utakaokuwapo, omba nafasi, useme kwamba hesabu iliyokuwa katika daftari ndiyo sahihi, kwamba ulikuwapo fedha zilipokusanywa, na kwamba hukuwa na ushahidi wowote wa kuwa mzee ametumwa. Usiongeze maneno ya kukilaumu chama kizima, maana wapo ndani yake ambao hawakushiriki, na usimtaje aliyekuelekeza ikiwa jambo linakamilika bila kumtaja. Lakini fedha zikiwa bado hazijulikani zilipo, na ukaulizwa na wenye mamlaka ya kuuliza, toa ushahidi wako wote, hata ukiwa dhidi ya nafsi yako na jamaa zako, kwa mujibu wa Sura An-Nisaa, aya ya 135.

Si lazima uache uenezi. Wapeleke viongozi wako katika faragha, uwaambie kwa adabu kwamba utakisemea chama kwa yale kiliyoyafanya na kinayokusudia kuyafanya, lakini hutakataa kilicho kweli wala hutasema ya kifuani mwa mtu. Wakikubali, endelea. Wakikataa, wakabidhi muhuri na mafaili yao kwa heshima, na uendelee kuhudhuria mikutano ya mtaa kama mkazi mwenye kisima.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.